Tangi la samaki linavuja kwenye kona: je, nizibe sehemu moja au nitoe silikoni yote?

Mfugaji wa Uyole

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninaishi Uyole, Mbeya, na nina tangi la samaki la vioo lenye urefu wa sentimita 90, upana wa 40 na kimo cha 45, lililotengenezwa kwa kioo cha milimita 6. Nililinunua kwa mtu aliyekuwa akihama, likiwa limekwisha kutumika kwa miaka ambayo yeye mwenyewe hakuikumbuka vizuri, na humo ninafuga mbuna, wale samaki wa rangi rangi wa kwenye miamba ya Ziwa Nyasa.

Kosa ni langu. Mwezi wa Aprili nilikuwa nikikwangua mwani kwa wembe, nikaupitisha hadi ndani kabisa ya kona ya nyuma, upande wa kushoto, na nikahisi umezama mahali laini. Sikujali. Baada ya wiki kama mbili niliona ubao wa meza umevimba pembeni, na nilipopitisha kidole chini ya ukingo wa kioo kilitoka na maji. Nilipunguza maji hadi nusu, nikaikausha kona kwa kitambaa, nikapaka juu ya silikoni ya zamani silikoni mpya niliyoinunua kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Mwanjelwa, nikasubiri usiku mmoja, kisha nikajaza. Siku ya nne kiraka changu kilibanduka chote kwa mkupuo mmoja, kama utando wa maziwa yaliyopoa, na upande wake wa ndani bado ulikuwa ukinata na kunuka siki.

Kwenye tyubu hiyo kuna picha ya bafu na ya sinki, kama hilo lina maana yoyote. Naomba kuelezwa kama inatosha kurudia kona hiyo moja kwa uangalifu zaidi, au ni lazima niondoe silikoni ya tangi zima. Na kama ni lazima, ningependa kujua nisubiri siku ngapi kabla ya kutia maji, kwa kuwa mwezi huu wa Juni baridi ya hapa kwetu mnaijua.

Fundi Vioo, Ipogolo

Ndugu wa Uyole, pole kwa meza. Mimi ni fundi wa vioo na madirisha ya aluminiamu hapa Iringa, na matangi ya samaki nimeyatengeneza kwa muda mrefu, ingawa si kazi inayonilisha.

Kiraka chako hakikubanduka kwa sababu ulipaka vibaya. Kilibanduka kwa sababu silikoni mbichi haishiki juu ya silikoni iliyokwisha kukomaa. Inashika kioo kwa nguvu ya kushangaza, lakini ukiipaka juu ya ndugu yake wa zamani inakaa tu pale kama mgeni ambaye hajakaribishwa, na maji yanapata njia katikati yao. Kwa hiyo kurudia kona moja maana yake ni kwamba mwanzo na mwisho wa kiraka chako utakutana na silikoni ya zamani, na hapo patavuja tena, kama si mwezi huu basi mwezi mwingine. Ushauri wangu ni kwamba utoe ukanda wote wa ndani na kuupaka upya wote kwa siku moja.

Kabla ya hapo lakini kuna jambo la kuchunguza, kwa sababu silikoni ya tangi iko ya aina mbili kwa kazi zake. Iko ile iliyobanwa katikati ya kioo na kioo, nyembamba, ambayo ndiyo inayoshikilia tangi lisifumuke. Halafu uko ule ukanda uliopakwa ndani ya kona, ambao kazi yake ni kuzuia maji yasiifikie ile ya kwanza. Wewe ulikata ukanda. Swali ni kama ile ya katikati bado ni nzima. Toa maji yote, kausha vioo, zima taa, kisha mulika tochi kwa pembeni ukiangalia kiungo kutoka nje. Mahali ambapo silikoni imeshika kioo utaona rangi moja iliyotulia. Mahali ilipoachia pataonekana pakimetameta kama magamba ya dagaa, kwa sababu hewa imeingia katikati. Kijistari chembamba kama unywele kinaweza kuzibwa na ukanda mpya wa ndani. Ukiona mmeto unaoenea kwa upana wa vidole viwili au zaidi, usipake kitu chochote: tangi hilo linatakiwa kufumuliwa kioo kwa kioo na kuunganishwa upya.

Usidharau jambo hili. Tangi lako likijaa hadi sentimita 42, kioo cha mbele peke yake kinasukumwa na maji kwa nguvu inayolingana na uzito wa takriban kilo 80, na maji yenyewe ni karibu lita 150, yaani karibu kilo 150 juu ya meza ambayo tayari imevimba.

Ukikuta kiungo ni kizima, kazi kubwa ni ya kutoa, si ya kupaka. Chukua nyembe mpya, nyingi, na uzibadilishe mara tu zinapoanza kukwama, kwa kuwa wembe butu ndio unaochora kioo. Ulaze wembe karibu kabisa na kioo, ukate ukanda kwanza upande mmoja, halafu upande wa pili, kisha uuvute. Mara nyingi utatoka mrefu kama tambi. Usichomeke wembe kati ya kioo na kioo hata kidogo. Baada ya hapo utadhani umemaliza, na ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu kwenye kioo hubaki utando mwembamba usioonekana kwa macho. Pulizia kioo pumzi: mahali penye utando mvuke utakaa tofauti na mahali pasafi, utaona mpaka wake. Kwangua tena, pangusa kwa kitambaa cheupe kilicholowekwa asetoni safi, pulizia tena, rudia mpaka mvuke ukae sawasawa. Asetoni ya kufutia rangi ya kucha mara nyingi imetiwa mafuta na manukato, na tina ya rangi nayo huacha mafuta; zote mbili usizitumie. Fungua madirisha, na moto wowote uwe mbali.

Kuhusu tyubu yenye picha ya bafu, ndiyo, lina maana. Silikoni za bafuni na jikoni nyingi zimetiwa dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo haifai kukaa na samaki. Tafuta iliyoandikwa kwamba ni silikoni asilimia 100, isiyo na dawa ya ukungu, na bora zaidi ikiwa imeandikwa wazi kwamba ni ya matangi ya samaki. Harufu ya siki peke yake isikutishe. Ni asidi inayotoka silikoni inapokomaa, na huisha. Kwa tangi lako kona zote za ndani zikijumlishwa, za chini na za kusimama, zinafika kama mita 4 na nusu, kwa hiyo tyubu moja ya mililita 300 hivi inatosha na kubaki.

Mama Mbuna, Soweto

Fundi amesema vizuri, nami nitaongeza mambo ya upande wa samaki, ambao naona wamesahaulika.

Kwanza, ndugu yangu, hakikisha kwamba maji uliyoyaona ni ya kuvuja kweli, hasa kwa kuwa unasema meza ilivimba pembeni. Kwa baridi ya Mbeya sisi wenye mbuna tunaweka hita ili maji yakae kwenye nyuzi 25 hivi, na usiku chumba kinapopoa mvuke unapanda, unagandamana chini ya kifuniko, kisha unateremka nje ya kioo cha nyuma kidogo kidogo. Mimi nilihangaika mwezi mzima nikitafuta ufa usiokuwapo. Njia nyingine ya maji kutoka ni mpira wa pampu ya hewa: pampu ikiwa imewekwa chini kuliko maji na umeme ukakatika, maji yanaweza kurudi kwa mpira huo mpaka mezani. Kwako naamini ni uvujaji, maana wembe uliusikia ukizama, lakini kausha nje kote, tandika karatasi za gazeti kuzunguka tangi, uone ni karatasi ipi inayolowa kwanza. Kumbuka pia kwamba maji hutambaa chini ya ukingo na kudondokea mahali pengine kabisa.

Pili, samaki. Mbuna hawapendani, hilo unalijua, na ukiwarundika kwenye ndoo watauana. Tafuta pipa la plastiki ambalo halijawahi kuwekwa sabuni wala dawa, uwatie humo pamoja na maji ya tangi lao, hita, pampu ya hewa na vipande vya bomba au vyungu vilivyovunjika vya kujifichia, kisha ufunike kwa wavu kwa sababu wanaruka. Sifongo ya kichungio uiweke humo humo ikiendelea kufanya kazi. Usiioshe kwa maji ya bomba na usiiache ikauke, kwani bakteria wanaosafisha uchafu wa samaki ndimo wanamoishi, na wakifa utarudisha samaki kwenye tangi zuri lenye maji ya sumu.

Tatu, kuhusu siku za kusubiri, jibu langu limetoka kwenye hasara. Mwaka fulani, mwezi wa Julai, nilipaka ukanda mpya Ijumaa, nikajaza maji Jumapili kwa sababu tyubu ilisema saa 48. Kwa juu ulikuwa mkavu kabisa, hata kucha haikuacha alama. Usiku wa Jumapili kona moja ilifunguka na zulia la sebuleni likanywa lita zisizopungua 60. Nilipoukata ule ukanda niliukuta katikati bado ni mlaini kama ugali wa moto.

Kijana wa Makambako

Shikamooni wakubwa. Kwa nini mnampa mwenzetu kazi ya wiki mbili? Silikoni inaweza kupakwa kwa nje ya kona, au hata ile gundi ya kuchanganya sehemu mbili, bila kutoa samaki wala maji. Na kuhusu baridi, sisi huku tunawasha jiko la mkaa chumbani, silikoni inakauka kwa usiku mmoja.

Fundi Vioo, Ipogolo

Marahaba, kijana. Nitakujibu kwa ukali kidogo, na usinichukie, kwa sababu la pili kati ya uliyoyasema linaua.

Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linatoa hewa ya monoksidi ya kaboni, ambayo haina harufu wala rangi, na kila msimu wa baridi katika mikoa yetu hii watu wanalala nayo wasiamke. Usiliwashe kwa ajili ya silikoni, wala kwa ajili ya kitu kingine, katika chumba ambacho mtu analala. Zaidi ya hayo moshi na vumbi lake vitatua kwenye kioo ulichokisafisha kwa siku tatu.

Kuhusu kupaka kwa nje, fikiri maji yanasukuma kuelekea wapi. Ukanda wa ndani husukumwa na maji dhidi ya kioo, kwa hiyo uzito wa maji unausaidia kushika. Kiraka cha nje kinasukumwa kiachie, na kila siku inayopita maji yanaendelea kukaa ndani ya kiungo, yakila ile silikoni inayobeba tangi. Gundi ya kuchanganya ikishakauka ni ngumu, wakati vioo vya tangi hupinda kidogo kila unapojaza na kupunguza maji. Silikoni hufuata mwendo huo kwa sababu inanyumbulika, gundi hiyo hupasuka.

Sasa nirudi kwa Mama Mbuna, kwani amegusa jambo ambalo maandishi ya tyubu hayalielezi vya kutosha. Silikoni haikauki kama rangi. Inakomaa kwa kunyonya unyevu ulio hewani, ikianzia nje kwenda ndani, na katika chumba chenye joto la kawaida huenda milimita 2 hadi 3 kwa siku, huku kasi ikipungua kadiri ngozi ya juu inavyokuwa nene. Sisi wa nyanda za juu mwezi wa Juni na Julai tuna mambo mawili yanayoichelewesha kwa pamoja, yaani baridi na hewa kavu ya kiangazi. Ukanda wenye upana wa milimita 8 kila upande una kina cha karibu milimita 6 kutoka uso wake hadi ndani ya kona. Kwa Dar es Salaam siku 3 au 4 zingeweza kutosha. Kwa Uyole, msimu huu, mimi ningesubiri siku 10, na nisingejaribu kuzipunguza. Unachoweza kufanya ni kuliweka tangi kwenye chumba kinachopata jua mchana, na kuweka beseni la maji humo ili hewa isiwe kavu mno.

Upakaji wenyewe ni mfupi. Bandika tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, pande zote mbili za kila kona kwa umbali wa milimita 8, ujaze silikoni kwa mkono usiosita, ulainishe kwa kidole kilichovalishwa glovu kwa mvuto mmoja mrefu, kisha ubandue tepu papo hapo ikiwa bado mbichi. Baada ya dakika 10 hivi huwa imeshapata ngozi, na ukiigusa tena utaichana. Anza na kona za kusimama, umalizie na za chini, zote zikutane zikiwa mbichi.

Mfugaji wa Uyole

Fundi, shikamoo, na Mama, asante sana. Nimerudi baada ya karibu wiki tatu kueleza nilichokutana nacho.

Karatasi ya gazeti iliyolowa kwanza ilikuwa ya upande wa kulia, nikadhani nimekosea kona. Nilipokausha na kuangalia tena niliona mstari mweupe wa chokaa umetambaa chini ya ukingo wote wa nyuma kutoka kushoto hadi kulia, kwa hiyo Mama alikuwa sahihi kuhusu maji kutambaa. Meza yangu inainama kulia. Nilipoiwekea pima maji, kiputo hakikukaribia hata katikati. Kwa tochi niliona mmeto mmoja, mwembamba kama uzi, urefu wa punje mbili za mchele, chini kabisa ya kona niliyoikata, na kwingineko kote rangi imetulia.

Kutoa silikoni kulinichukua jioni tatu na nyembe 19. Jioni ya pili niliamini nimemaliza, nikapulizia pumzi kwenye kioo cha nyuma, na pale nilipodhani ni pasafi ukatokea mpaka ulionyooka kama uliochorwa kwa rula, upana wa kidole, kutoka juu hadi chini. Sitausahau. Silikoni ya matangi sikuipata hapa mjini, nikaagizia Dar es Salaam ikaja na basi. Upakaji wote ulichukua dakika 25, na kona moja imekuwa na nundu ambayo mke wangu anaionyesha kila mgeni anayekuja.

Nimesubiri siku 10, nikalitoa tangi barazani juu ya matofali yaliyosawazishwa kwa pima maji, nikatandika ubao na karatasi ya povu jeupe la kufungashia televisheni, nikajaza theluthi moja kila siku. Sasa limejaa kwa siku ya pili. Magazeti ni makavu, lakini alama niliyoiweka kwa kalamu inaonyesha kwamba maji yameshuka milimita 4. Je, niwe na wasiwasi?

Fundi Vioo, Ipogolo

Marahaba. Barazani kuna upepo na jua, na tangi halijafunikwa, kwa hiyo milimita 4 kwa siku mbili zinaweza kabisa kuwa zimekwenda na hewa. Usikisie lakini. Weka ndoo ya maji iliyonyooka pembeni ya tangi, mahali pale pale, uitie alama kama ulivyotia tangi, uache siku mbili. Kama maji ya ndoo yatashuka karibu sawa na ya tangi, tangi lako halivuji. Kama ya tangi yatashuka zaidi kwa kiasi kinachoonekana, tuandikie tena kabla hujarudisha samaki.

Matokeo yakiwa mazuri, mwaga maji hayo yote ya majaribio na usuuze tangi mara mbili kwa maji matupu, bila sabuni, kwa sababu ya ile asidi. Nundu iache ilivyo.

Mama Mbuna, Soweto

Na ile meza iliyovimba usiirudie, tafadhali. Ubao ulionywa maji haurudii nguvu zake hata ukikauka.

Mfugaji wa Uyole

Ndoo imeshuka milimita 3 na nusu, tangi milimita 4. Meza mpya ya mninga nimemwagiza seremala, atanikabidhi Jumamosi. Mpaka hapo mbuna wataendelea kukaa kwenye pipa.